Anayevaa Simba

Ilianza Jumatano, saa mbili kasoro robo asubuhi, mstarini, pale mwalimu wa Historia alipoichukua karatasi yangu mkononi taratibu, kama mtu anayenipokea mzigo.

"Sauti yako haifiki hata kwa kidato cha pili," alisema. "Atasoma kaka mkuu. Mgeni ametoka Kilosa, tusimchoshe."

Karatasi ile niliiandika mimi. Darasani kila mmoja alipewa nchi ya Afrika aeleze nishani yake ya juu kabisa, mimi nikaangukiwa na Senegali. Nishani yao inaitwa Nishani ya Taifa ya Simba. Nilipoliona hilo jina nilicheka peke yangu, maana sisi huku Mikumi simba tunamjua kwa kunguruma na kwa ng'ombe wa watu, hatujawahi kufikiria kumweka kifuani pa mtu. Nilitafuta habari zake kwenye simu ya mama mkubwa mpaka chaji ikaisha. Niliandika kwamba simba ni alama ya nchi yao, na kwamba nishani hiyo wanapewa wanajeshi na raia pia. Sentensi niliyoipenda kuliko zote ni hii: "Anayevaa Simba ameitumikia nchi yake."

Kaka mkuu alipofika hapo alitoa kifua mbele, akasoma kwa sauti ya kufika barabarani: "Anayeua Simba ameitumikia nchi yake."

Mgeni mwenyewe alikuwa afisa wanyamapori.

"Kijana," alisema, "hapa kwetu anayeua simba anavaa pingu."

Shule nzima ikacheka. Kaka mkuu hakubabaika hata kidogo. "Samahani, mheshimiwa, mimi nimesoma kilichoandikwa. Kaandika yule." Akaninyooshea kidole. Ndipo, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, karatasi ikawa yangu.

"Mwandiko wa watoto wa siku hizi," mwalimu akamwambia mgeni.

Mwandiko! Niliandika vaa, yenye a mbili. Kuua ina a moja. Hata kama v yangu inafanana na u, yeye mwenyewe kichwani hakujiuliza? Halafu kaka mkuu akapewa kamusi mpya, zawadi ya kujiamini mbele za watu. Mimi nikapewa jina. Mpaka mapumziko ya saa nne vijana wa kidato cha kwanza walikuwa wananipisha njia: "Shikamoo, Muua Simba." Mmoja akawaambia wenzake, "Msimpite kwa nyuma, ana gobole." Huwa sijibu. Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi kwenye Hesabu.

Jioni nilimsimulia bibi, mama yake mama, aliyekuja kutoka Zombo kutibiwa macho. Alikuwa anachambua mchicha kwa kupapasa.

"Na huyo simba wa kwao anakula ng'ombe?"

"Ni picha tu, bibi. Ya kuvaa."

"Wana bahati." Akatupa shina. "Sasa umemwambia nani kwamba uliandika vizuri?"

"Sijamwambia mtu."

"Basi ninayejua ni mimi peke yangu," alisema. "Na mimi Jumamosi narudi Zombo."

Nilikasirika naye pia. Nilikasirika kwa sababu ilikuwa kweli: akishapanda bodaboda ya kumrudisha, hapa Mikumi nzima nitabaki kuwa mtu asiyejua tofauti ya kuvaa na kuua, na kaka mkuu atabaki na kamusi.

Asubuhi iliyofuata, baada ya Wimbo wa Taifa, mwalimu wa zamu aliuliza kama kuna mwenye tangazo. Nilinyoosha mkono. Mwalimu wa Historia alinitazama kama amekosea mtu. Nikaenda mbele na karatasi ileile, niliyorudishiwa jana yake, nikasoma kuanzia juu. Sauti ilifika mstari wa tatu, labda wa nne.

"Hatusikii, Muua Simba," mtu akasema kule nyuma.

Nikawasubiri wamalize kucheka. Kisha nikarudi mwanzo wa karatasi, nikaanza upya.