Kandambili Mlangoni, Mwenyewe Barabarani

Iko asubuhi moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo na mvi zangu hizi, nashusha pumzi kwanza ndipo niendelee na mazungumzo. Nilikuwa kijana hapa hapa Wingwi, nina mke, mtoto mmoja, na miguu isiyotulia. Nawaona nyinyi wa leo mnavyopita alfajiri na saa zenu za kuhesabu hatua, nacheka peke yangu. Msidhani mmeanza nyinyi. Mimi nilikimbia na raba zilizotoboka vidoleni, na wachuuzi wa samaki waliokuja na baiskeli kutoka Tumbe walikuwa wakinipigia kengele ili nishindane nao. Kwenye mlima niliwashinda. Kwenye mteremko, basi tena.

Mwaka ule nilitaka sana nichaguliwe kwenda kukimbia uwanja wa Gombani. Mwanetu Asha ndiyo kwanza kajua kutembea, ule umri ambao mtoto akiona mlango wazi hujiona kaalikwa. Mke wangu, Mwanaidi, alikuwa akilima mwani, na kazi ile hufuata maji: yakipwa ndipo anatoka, na kila siku yanapwa kwa saa yake. Mbio zangu mimi zilikuwa baada ya sala ya alfajiri. Basi zilikuwapo siku tulizopokezana mtoto vizuri, na zilikuwapo siku tulizogongana.

Siku za kugongana Mwanaidi alikuwa akininunia. Nami nikaamua kuwa hataki nikimbie. Sikumuuliza, nilijipa jibu mwenyewe, kisha nikaanza kutoroka. Nikirudi msikitini navua kandambili mlangoni, nazipanga vizuri kabisa, halafu nachukua raba nilizozificha nyuma ya banda la mbuzi na kutokea uani kimya kimya. Unajua kwetu: viatu vikiwa mlangoni, mwenyewe yumo ndani, na hakuna anayeuliza. Nilijiona nina akili, we!

Siku hiyo ilikuwa bamvua, na maji yangepwa sana asubuhi. Mimi miguu ilikuwa myepesi, nikaongeza safari mpaka karibu na Tumbe. Huku nyuma saa ya Mwanaidi ikafika. Asha alikuwa bado amelala kwenye mkeka. Mwanaidi akatazama mlangoni, akaziona kandambili, akasema na pazia la chumbani, "Baba Asha, mtoto kalala, miye nenda pwani." Hakujibiwa. Akadhani nimejilaza, akabeba kamba zake akaenda.

Niliporudi jua limeshapanda. Mlango wazi, mkeka mtupu. Nikaita, kimya. Nikakimbilia kisimani, maana kisima chetu cha uani kilikuwa na ukingo wa chini, mawe mawili tu. Nikainama, nikauona uso wangu. Nikatazama tena, na tena. Nilipiga magoti pale nikalia kwa sauti, mwanangu, wala sioni haya kukwambia.

"Wamtafuta nani kisimani weye? Njoo huku!"

Alikuwa Bi Mkasi, jirani yetu, mama mtu mzima aliyemzalisha Mwanaidi. Nikaingia kwake nikijikwaa. Asha alikuwa amekaa sakafuni, mdomo umejaa muhogo. Nilimnyanyua nikambana kifuani, Alhamdulillahi nyingi nisizoweza kuzihesabu, naye akanisukuma kwa mikono miwili. Alikuwa anautaka muhogo wake.

"N'memkuta barabarani," Bi Mkasi akasema, "kashika kandambili yako moja. Namuuliza wenda wapi, asema 'baba'. Kakufata weye."

Akaniacha nipanguse uso, kisha akanishushia maneno. "Mbio si haramu, Hamadi. Lakini mtu hutoka kwake mwenyewe kama mwizi? Mkeo kaona viatu, kenda zake na moyo mweupe. Na umwambie kwa mdomo wako, asije akasikia kwangu."

Mwanaidi alirudi nguo zimelowa mpaka kiunoni. Nilimweleza yote, na banda la mbuzi nikalitaja. Akamchukua mtoto, akamnusa kichwa. Nilikuwa nimeshakubali moyoni kuwa mbio zangu zimekwisha siku ile.

"Nani kakwambia nataka uache?" akasema mwishowe. "Kimbia mpaka Chake Chake ukitaka. Miye nataka kujua umo au humo."

Mwanangu, sijui nikuelezeje wepesi ule. Miezi yote nilikuwa namkimbia mtu asiyenifukuza. Nilicheka, nikalia tena, naye akanicheka mimi, na jioni tukakaa tukapanga maji na mbio pamoja. Siku za bamvua nikawa nakimbia baada ya alasiri. Siku nyingine alfajiri, lakini kwanza namwamsha: "Mwanaidi, natoka." Sivuki kizingiti mpaka aseme, "Nenda, mtoto nnae." Hayo maneno yalinipa kasi kuliko raba yoyote. Gombani nilikwenda, nikawa wa mwisho kasoro mmoja, na Asha akashangilia kama baba yake kashinda.

Kwa hiyo wewe uliyekuja kuniuliza kama uache mbio kwa kuwa umepata mtoto, nasema usiache. Mwili wako unazihitaji, na mwanao anahitaji baba mwenye furaha. Ila mwenzako akinuna, muulize kanunia nini, usimjibie wewe. Na unapotoka aga, kisha subiri ujibiwe. Kuaga peke yake hakutoshi, maana Mwanaidi naye aliaga, akaliaga pazia. Mtoto mdogo asikae hata dakika moja kati ya watu wawili ambao kila mmoja anadhani mwenziwe ndiye anaye.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu aipe miguu yako nguvu na njia yako usalama, na kila urudipo akukutanishe na watu wako wote, wazima, hata yule mdogo anayekusukuma kwa sababu ya muhogo.