Mume Wangu Anajenga Gereji Isiyohitaji Rivasi

Admin, nifiche tafadhali, na mtaa wetu usiutaje, sema tu Eastlands. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa. Nina kibanda cha supu, matumbo na vichwa vya mbuzi nachukua kichinjioni Kiamaiko kila asubuhi, kwa hivyo msidhani mimi ni mtu wa kunyamaza. Mimi nina mdomo, na wateja wangu wanaujua. Lakini hili nimelibeba miaka mitatu bila kumwambia mtu.

Mume wangu ni fundi wa mageti. Tulijaliwa watoto wawili. Mkubwa ni mvulana, yuko sekondari. Mdogo nitamwita Neema, ingawa si jina lake. Alikuwa na miaka minne.

Wanaoishi kwenye ploti za kupanga kama yetu wanajua shida ya kuingiza gari. Geti jembamba, huku ngazi, kule matangi ya maji, na pikapu lazima iingie kinyumenyume. Kwa hivyo mtu husimama nyuma na kupiga bodi ya gari kwa mkono. Mara mbili polepole maana yake njoo, mara moja kwa nguvu maana yake simama. Hiyo ilikuwa kazi yangu tangu tununue gari.

Jumapili hiyo tulitoka kanisani, nikashuka na Neema getini ili nimwelekeze baba yake. Jirani yangu, Mama Asha, alikuwa ameanika nguo kwenye kamba yangu tena. Nikaanza kumfokea. Ndiyo, kamba ya nguo. Sikuona Neema akiniponyoka kurudi nyuma ya gari kuchukua kiatu chake kilichomvuka. Uso wangu ulikuwa kwa Mama Asha, na mkono wangu ukapiga bodi mara mbili, kwa mazoea tu. Baba Neema akarudi nyuma.

Nilichokiona siwezi kukiandika. Nilichokisema ndicho kimenileta hapa. Mume wangu aliruka nje, na kabla hajafungua mdomo nikampigia kelele, "Si nilikwambia usimame! Nimepiga bodi, kwani husikii?" Ploti nzima ilisikia. Jamani, sikuwa nimepanga kudanganya, maneno yalitoka yenyewe. Lakini kesho yake sikuyarekebisha. Kwenye mazishi sikuyarekebisha. Na polisi waliponiuliza, nikayarudia vilevile nikiwa nimekaa kwenye kiti, nimetulia.

Mume wangu aliniamini. Miaka ya kushika grainda ya kukatia chuma imempunguza masikio, na nyumbani tulikuwa tukimtania kwa hilo. Alipiga magoti pale chini akisema, "Sikusikia, Mama Neema. Haki ya Mungu sikusikia." Tangu siku hiyo hajashika usukani. Kaka zangu hawampi mkono. Mvulana wetu hamwiti baba, humsemesha tu kama kuna jambo la shule. Mimi naona haya yote na naendelea kupakua chakula.

Mama Asha ndiye peke yake anayejua. Wiki moja baada ya mazishi alikuja mlangoni akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama Neema, mimi niliuona mkono wako. Mwambie mumeo, atakufa na hii." Nilimfukuza kwa matusi ambayo hayafai kuandikwa. Baadaye alihama na hatujaongea tena.

Sasa sikieni. Tuna kiwanja Pwani, upande wa Kilifi, tulichonunua mapema tukitarajia kuzeekea huko. Mume wangu ameanza kujenga. Nyumba yenyewe ni ya kawaida, vyumba viwili vya kulala. Akili yake yote iko kwenye gereji, si ya kutengeneza magari, ni ya kulaza gari letu. Ameichora mara nyingi kwenye maboksi ya vijiti vya kuchomelea mpaka yakajaa chini ya kitanda. Ina milango miwili, mbele na nyuma. Gari linaingia huku, linatokea kule, linazunguka nyumba na kurudi barabarani. Hakuna mahali pa kurudi nyuma. Kuta za pembeni zinafika kiunoni tu ili dereva aone kila kitu, na upande wa uani kuna uzio ambao mtoto hawezi kupenya. Chumvi ya bahari inakula chuma, kwa hivyo mtu huyu aliyechomelea chuma maisha yake yote amejifunza alumini upya, ukubwani, ili atengeneze hiyo milango mwenyewe.

Mafundi wa kule walimcheka. "Mzee, hii ni gereji ama ni kituo cha petroli?" Akawajibu, "Nataka mahali ambapo hakuna mtu atahitaji kumsikia mwenzake." Wakaacha kucheka.

Wiki iliyopita nilienda kuiona. Alinishika mkono akanipitisha mlango wa kwanza hadi wa pili, akinionyesha kila pembe. Tulipofika mwisho akasema, "Hii nimekujengea wewe. Kwa mdomo nilishindwa kukuomba msamaha. Tukihamia, uniambie kama umenisamehe. Hata ukisema hapana, sitakulaumu."

Nikamuuliza atapaka rangi gani.

Nilijiona mnyama. Nilirudi Nairobi nikilia njia nzima. Kazi ya rangi inaisha Ijumaa, na Jumamosi anatungoja mimi na mwanawe. Nikisema ukweli, sijui kama nitabaki na mume, na mtoto mmoja niliye naye atajua mama yake ni mtu wa aina gani. Nikinyamaza, baba wa watu ataendelea kubeba kifo ambacho si chake, na mwanangu ataendelea kumchukia bure.

Msiniambie niombe, nimeomba. Nitukaneni mkitaka, nitasoma yote. Lakini nishaurini nifanye nini kabla ya Jumamosi, kwa sababu namjua yule mwanamume. Nikimwambia nimemsamehe, atanishukuru.