Mstari wa Nyumba Namba Saba

Nakumbuka mchana mmoja wa Alhamisi kule Kiuu, mwanangu, na nimejaribu kuusahau nikashindwa. Jua lilikuwa kali, nguo zimejaa kwenye kamba, wapangaji wengi wako kazini, nami nimekaa kwenye cherehani yangu nje ya geti la ploti, filimbi imening'inia shingoni. Ndiyo, mimi huyu. Usicheke. Wakati huo sijafika arobaini, magoti hayajaanza kuniuma, na mdomo wangu ulikuwa mkali kuliko mkasi.

Nakusimulia haya kwa sababu nimesikia hapa Murera wamekuchagua uwe mtu wao wa Nyumba Kumi. Jana nilikuona ukipita na koti lile la kung'aa, kifua mbele, hata salamu ukasahau. Hongera, mwanangu. Lakini keti kwanza. Chai iko kwa thamosi, na sikuachi uende kabla sijamaliza.

Siku hizo wezi wa mchana walikuwa wametuchosha. Mtu anafunga nyumba asubuhi aende kazi, akirudi jioni anakuta kufuli limevunjwa na mtungi wa gesi hauko. Leo kwa huyu, kesho kwa yule. Naibu wa chifu wetu, mama mmoja mrefu asiyependa mchezo, tuliyekuwa tunamwita Madam, akaitisha baraza na kuomba watu wa kujitolea, mmoja kwa kila nyumba kumi. Mwenyekiti tukamchagua Mzee Gitau, mwalimu mstaafu aliyetembea na bakora. Nyumba kumi za ploti yetu nikapewa mimi, kwa kuwa kila anayeingia na kutoka lazima apite mbele ya cherehani yangu.

Madam alituambia waziwazi siku ile. "Kazi yenu ni kujua watu wenu na kuniambia mkiona jambo. Kukamata ni kwa polisi, kuhukumu ni kwa korti, na kupiga mtu si kazi ya yeyote hapa." Kisha kila mmoja akapewa filimbi na daftari. Mpangaji mpya akihamia, unamtembelea wiki ya kwanza. Unaingia, unasalimia, unamuuliza anaishi na nani, nani huja kwake mara kwa mara, na nani mwingine ana ufunguo. Unaandika. Mwisho wa mwezi Mzee Gitau anakusanya madaftari yote anampelekea Madam ayasome, kisha yanarudi kwetu.

Filimbi niliipenda, sikufichi. Niliivaa hata kanisani. Daftari nililiona ni usumbufu tu.

Sasa, kwenye nyumba namba saba akaingia mama mmoja anaitwa Mwende, mtu wa kule Yatta, na mtoto wake wa kike wa darasa la pili. Mama mpole, anaondoka alfajiri kwenda kiwandani Ruiru na kurudi jioni amechoka. Siku ya tatu namwona anapita na kitambaa cha yunifomu ya mtoto. Nikaweka tabasamu tayari. Ai! Akanipita, akavuka barabara, akampelekea fundi mwingine. Mbele ya macho yangu!

Nilikasirika, mwanangu. Nikasema moyoni, huyu hatanipata nikibisha mlango wake. Kama ana haja ya kujulikana, miguu anayo, aje. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nami nilitaka kumpa jembe hata chai hajanywa. Wiki ikapita, ya pili ikapita. Mwisho wa mwezi ukafika na Mzee Gitau anataka daftari. Nifanye nini? Nikakaa pale pale kwenye cherehani, nikatazama mlango wa namba saba kutoka mbali, nikaandika: "Mama mmoja, mtoto mmoja. Mwanamume hakuna." Mstari mmoja tu, na mwandiko mzuri.

Hilo ndilo kosa langu. Lingine lote lilizaliwa na mstari huo.

Alhamisi ile basi, karibu saa sita, nikainua macho nikaona kijana mrefu anatoka mlango wa namba saba na kupita getini mbio mbio na mtungi wa gesi begani. Simjui. Sijawahi kumwona, maana baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa akifanya kazi ya zamu kiwandani Thika, na saa zake za kuingia na kutoka nilikuwa sijafungua cherehani au nimeshafunga. Nikasimama.

"Wewe! Huo mtungi unaupeleka wapi?"

Akageuka. Akafungua mdomo. "Na-na-na..." Neno likakataa kutoka. Jasho likamjaa usoni, macho yakamtoka.

Nikaona mwizi. Naapa, mwanangu, sikuona kitu kingine. Kuuliza si ujinga, lakini mimi niliuliza swali na sikungoja jibu. Nikapuliza filimbi mara tatu, kama tulivyofundishwa.

Walikuja kama nyuki. Vijana wa boda boda kutoka steji, watu wa mjengo uliokuwa unaendelea pale karibu, akina mama wa vibanda vya mboga. Watu walikuwa wamechoka kuibiwa, na mtu aliyechoka hahitaji kuambiwa mara mbili. Wakamzunguka. Kijana mmoja wa boda boda akanigeukia, "Mama Njoki, huyu jamaa anakaa hapa?"

Wote wananitazama. Wakati huo, mwanangu, ningeweza kusema sijui. Neno dogo, na lingekuwa kweli. Lakini nilikuwa na daftari la serikali mkononi. Nikalifungua, nikasoma kwa sauti, "Ametoka namba saba. Namba saba ni mama mmoja, mtoto mmoja. Mwanamume hakuna."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Kofi la kwanza likalia. Kisha jiwe, likampasua juu ya jicho. Nikaona damu. Kisha nikasikia mtu nyuma akisema, "Leteni tairi, tumchome."

Woi, Ngai, Mungu wangu! Nikapiga kelele, "Ngojeni! Ngojeni Madam!" Nani alinisikia? Nikapuliza filimbi tena, mjinga mimi, na watu wakazidi kuja. Filimbi inaita watu. Kuwarudisha nyumbani haijui.

Mzee Gitau alitokea upande wa dukani, simu sikioni, anaongea kwa sauti ya darasani ili kila mtu asikie. "Ndiyo, Madam. Kiuu, geti la ploti ya Mama Njoki. Kuja na polisi." Akapenya katikati ya watu kwa bakora yake, akauweka sawa ule mtungi uliokuwa umeanguka, na mwanangu, akaukalia. Akamvuta yule kijana kwa mkono akamketisha chini, kati ya magoti yake. Sasa jiwe lolote lingepita kwa mzee kwanza.

"Haya," akasema. "Anayetaka kupiga, aanze na mimi. Nusu yenu nimewafundisha kusoma, na mama zenu nawajua kwa majina."

"Guka, babu yetu, huyu ni mwizi!" akasema yule wa boda boda. "Hata kujitetea hawezi, anagugumiza tu!"

"Na wewe ukizungukwa na mawe, ungeimba?"

Mtu mmoja akacheka bila kutaka. Mkono mmoja ukashuka. Mzee akainama kwa kijana. "Unaitwa nani?"

"Mu-mu-mu..." Mtu akadakia, "Muongo!" na wengine wakaangua kicheko. Mzee akainua bakora bila hata kutazama nyuma. "Mwache amalize."

"Mu-Mutua."

"Mutua. Unakaa wapi?"

Lilichukua muda. Sijawahi kuona watu wengi hivyo wakingoja neno moja. "Kwa da-dada. Namba sa-saba." Akatoa ufunguo mfukoni.

"Hata wezi wana funguo!" mama mmoja akasema.

"Kweli kabisa," akasema Mzee Gitau. "Basi atuambie kilicho ndani kabla hatujafungua. Mutua, sema polepole. Sina haraka, nimeketi vizuri."

Na Mutua akasema. Kwamba kuna ka-kalenda ya kanisa nyuma ya mlango. Kwamba gambuti zake, buti za mpira za kazi, ziko chini ya meza. Kwamba kwenye jiko kuna sufuria ya bluu ya maharagwe, na hayajaiva. Kila neno lilipokwama, kuna aliyetaka kumsaidia, na kila mara bakora ilipanda. Mwache amalize. Mwache amalize. Jua linatuchoma, mawe yako mikononi, na tunangoja maharagwe.

Tukaenda wote hadi mlangoni. Ufunguo ukaingia, mlango ukafunguka. Kalenda. Gambuti. Sufuria ya bluu. Nikashika maharagwe, yalikuwa bado moto na magumu. Gesi ilikuwa imemwishia, naye alikuwa anakimbia kujaza mtungi kabla mtoto wa dada yake hajarudi kula chakula cha mchana.

Nilikaa chini pale sakafuni kwa watu nikalia kwa sauti, na katikati ya kilio nikaanza kucheka, nalia nacheka. Yuko hai! Hilo tu ndilo lilikuwa kichwani mwangu. Kijana wa watu yuko hai, na mikono yangu haina damu ila ile kidogo. Nje nikasikia mawe yakidondoshwa moja moja. Yule yule wa boda boda akauchukua mtungi bila kutumwa, akaenda kuujaza. Madam alipofika na polisi wawili, alikuta akina mama wanamwosha Mutua uso kwa maji ya uvuguvugu, na mmoja anabishana na mwenzake ni nani atamaliza kuyapika maharagwe.

Mzee Gitau hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alinyoosha mkono, nikampa daftari, akasoma ule mstari.

"Ulimuuliza nani haya?"

"Niliona mwenyewe, Mzee."

"Uliona kutoka wapi?"

"Kwa cherehani."

Akafunga daftari. "Mama Njoki, asiyejua husema sijui, na hakuna aliyekufa kwa neno hilo. Wewe uliandika usilolijua, halafu ukalisoma. Watu hawakuamini filimbi leo. Waliamini daftari." Akalisogeza kwangu. "Nenda ukaanze upya. Na hilo la cherehani umwambie Madam kwa mdomo wako, si wangu."

Nikamwambia, mbele ya wenzangu wote. Nilidhani atanifukuza. Madam akanyoosha mkono. "Filimbi nitakaa nayo mimi. Daftari baki nalo." Aibu iliniwasha masikio, lakini leo namshukuru.

Jioni ile ile nikabisha namba saba. Mwende alifungua, macho mekundu. Nikaomba msamaha nikiwa nimesimama nje. Nikamweleza kila kitu, hata habari ya yunifomu. Akashangaa. "Shule ndiyo ilituelekeza kwa yule fundi, Mama Njoki. Watoto wote walienda kwake." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ungekuja tu. Ningekupikia chai." Hilo, mwanangu, lilinichoma kuliko maneno ya Mzee.

Mutua alikuwa amekaa kitandani, plasta juu ya jicho. Dada yake akaanza kunitajia jina lake niandike. Mutua akamgusa mkono, anyamaze. Alitaka kuyasema mwenyewe majina yake yote matatu. Nikashika kalamu nikangoja. Sikumdakia, sikukohoa, sikutazama saa. Jina la kwanza, la pili, la baba yake. Alipomaliza akavuta pumzi, akatabasamu kidogo, akasema, "A-asante kwa kungoja." Nilikuwa nimemletea mawe mchana, na jioni ananishukuru.

Wale wezi wenyewe? Walipatikana mwezi uliofuata bila kofi hata moja. Mpangaji mmoja alimuuliza mgeni getini, "Unatafuta nani?" Mgeni akataja jina ambalo halimo kwenye daftari lolote la Kiuu. Madam akapigiwa simu, polisi wakamfuata hadi kwa wenzake, mtaa wa Githurai 45, wakakuta mitungi kumi na kitu kwenye chumba kimoja. Mutua alihama baadaye, akaoa, na suti ya harusi nilimshonea mimi. Alinitafuta mwenyewe. Siku hiyo nilishona huku naimba.

Basi sikiliza, mwanangu. Siku hizi nyinyi hamna filimbi, mna simu. Picha ya mtu unairusha kwa kikundi na kabla hujafunga mdomo iko kwa watu mia mbili, na kila mmoja ameokota jiwe lake. Usirushe picha ya mtu ambaye hujamuuliza jina. Mlinzi wa watu hajulikani kwa koti, anajulikana kwa milango aliyobisha. Bisha hata kwa yule asiyekusalimu. Yeye ndiye wa kwanza, kwa sababu siku ya shida ndiye atakosa wa kumsemea. Jambo usilolijua, sema hulijui, hata kama mtaa mzima unakutazama. Mtuhumiwa ni wa polisi, piga simu, halafu usimame kati yake na watu mpaka wafike. Na ukimuuliza mtu swali, mwache amalize.

Haya, maliza chai yako. Mungu akutangulie kwenye hiyo kazi, akupe miguu isiyochoka kwenda kwa jirani na ulimi unaojua kungoja. Asiwahi kukufikisha mahali nilipofika mimi mchana ule, na akikufikisha, akuletee mzee wa kukaa katikati. Nenda salama, mwanangu, ubarikiwe wewe na kila nyumba uliyopewa.