Niliuondoa Mkono Wake wa Kushoto Kwenye Pawa

Kosa ni langu. Naandika hivyo hapa mwanzoni ili usije ukasoma hadi katikati ukidhani kuna mwingine wa kulaumiwa. Hakuna. Si duka, si kiwanda, si mti wenye miiba. Ni mimi, nikiwa na akili timamu, tena nikiwa nimesoma maelekezo ya mashine.

Jina langu nimelificha. La shemeji yangu sitalificha. Anaitwa Jillo. Jina lake ndilo lililoharibiwa, na limeharibiwa hapa hapa Isiolo, kwa hiyo nitalitaja wazi ninapojaribu kulisafisha.

Shule niliacha mapema. Ninachokijua kuhusu injini nimejifundisha mwenyewe, kwa kufungua na kufunga, na kwa kusoma vile vijitabu vya maelekezo ambavyo watu hutupa pamoja na boksi. Majirani huniita niwachagulie pampu ya maji au jenereta. Sipendi kukisia. Nikisema jambo kuhusu mashine, huwa nimelihakikisha. Sifa hiyo ndiyo iliyofanya watu waniamini, na ndiyo niliyojificha nyuma yake siku nilipotakiwa kusema.

Mimi na Jillo, mdogo wa mke wangu, tulikuwa wakataji wa kuni. Tulikata mathenge katika mashamba ya zamani nje ya mji, mahali ambapo mti huo umefunga ardhi mpaka mbuzi hapati njia. Wenye mashamba walifurahi kuondolewa balaa, na sisi tukauza kuni kwa hoteli na jikoni za shule. Ilikuwa kazi ya kila siku isipokuwa Ijumaa.

Anayeujua mathenge anaijua miiba yake. Inatoboa kandambili, inatoboa hata tairi. Huwezi kuingiza mkono ndani ya kichaka kile. Ndiyo maana hapa kwetu kila mkataji alikuwa na mvutaji. Mvutaji hushika fimbo ndefu yenye panda, husimama kando, hunasa tawi na kulivuta mpaka nafasi ipatikane. Mkataji naye huingiza pawa, ule msumeno wa injini, ameukamata kwa mikono miwili. Mafuta yakiisha, wanabadilishana.

Hakuna aliyeitunga sheria hiyo. Pawa za zamani zilikuwa nzito, mkono mmoja haukuweza kuziinua, basi kazi ikawa ya watu wawili. Uzito ule tuliokuwa tukiulaani kila jioni ndio uliokuwa ukitulinda. Sikuliona hilo. Mimi, mtu wa kuhakikisha!

Bega langu la kulia lilianza kuniuma. Nikaamua tutafute pawa nyepesi, na nikaifanya kazi hiyo kwa utaratibu wangu wa kawaida. Niliazima mizani ya ndoano kwa muuza nyama, nikaenda nayo madukani, nikatundika pawa moja baada ya nyingine. Wauzaji walinicheka. Mmoja aliniuliza kama nataka anipimie na mifupa au bila mifupa.

Niliyoipenda ilikuwa ndogo, mpini wake uko juu ya injini badala ya kuwa nyuma. Ukiishika, unadhani umeshika birika. Muuzaji aliniambia kwamba ile ni ya wapanda miti, watu wanaofungwa kamba na kukata matawi wakiwa juu. Nilikuwa nimekwisha kulisoma hilo. Nilijua pia kwamba hata hao hufundishwa kwanza, na huambiwa washike kwa mikono miwili kila inapowezekana.

Lakini nikafanya hesabu yangu. Nikajiambia: ikiwa mtu anaitumia akining'inia kwenye kamba, sembuse mimi ninayesimama ardhini? Nikaona nimewazidi werevu walioitengeneza. Nilipima uzito wa mashine, sikupima kazi itakayofanya. Laiti ningeirudisha kwenye rafu!

Niliileta nyumbani. Jillo aliigeuza mkononi akasema, "Shemeji, hii ni pawa ama ni simu?" Tulicheka sote. Mke wangu alikuwa akifua pale uani, naye akacheka.

Ndipo nilipoanza somo. Nilishika fimbo ya panda kwa mkono wa kushoto na pawa kwa mkono wa kulia, nikavuta tawi kavu, nikalikata. Mvutaji na mkataji katika mtu mmoja. Nikamwambia Jillo kwamba bega langu linahitaji kupumzika, kwa hiyo yeye atakata peke yake, nami nitakuwa nikipakia kuni na kuwapelekea wateja.

Hakufurahi. Aliuliza, "Na hii ikiruka, nitaizuia na nini?"

Swali hilo lilikuwa sahihi kabisa. Ncha ya pawa ikigusa mti mgumu, pawa hurudi nyuma kwa nguvu kuliko unavyoweza kufikiri. Nililijua hilo kwa jina lake na kwa sababu yake. Nikamjibu kwamba kitu chepesi namna ile hakiwezi kumshinda mwanamume.

Alijaribu. Kila alipoanza kukata, mkono wake wa kushoto uliiacha fimbo na kuja wenyewe kushika pawa. Ilikuwa mazoea ya mtu mwangalifu. Mimi nilisimama nyuma yake, nikaushika mkono ule, nikauondoa, nikaurudisha kwenye fimbo. Nilifanya hivyo mara nyingi, mpaka mkono ukazoea.

Niliuondoa mwenyewe. Kwa mkono wangu huu ninaoandikia!

Kazi ilikwenda vizuri kwa muda. Wakataji wengine walikuja kutazama, wakaniuliza, nikawaeleza. Baadhi wakanunua pawa kama ile na kuwaacha wavutaji wao. Nilijiona mtu aliyeleta maendeleo.

Asubuhi ile nilikuwa nikipakia mkokoteni, Jillo yuko ndani ya kichaka. Nikasikia pawa ikishuka sauti, ikabaki ikinguruma chini chini bila kukata. Nilisubiri iendelee. Haikuendelea. Nikamwita, hakuitika, nikaingia.

Alikuwa ameketi kwenye kisiki, amejifunga shuka mkono wa kushoto, na shuka ilikuwa imebadilika rangi yote. Pawa ilikuwa ardhini mbele ya miguu yake, bado inanguruma. Aliniambia kwa sauti ya kawaida tu, "Shemeji, zima hiyo kwanza."

Niliizima. Nikamfunga mkono kwa mshipi wangu, tukasimamisha lori la mchanga, tukafika hospitali. Madaktari walifanya waliloweza. Mkono haukukatwa, lakini mishipa ilikuwa imekwisha kukatika. Upo, unaning'inia, vidole havifungi. Hauwezi kushika hata kikombe.

Hadi hapo unaweza kuniita mjinga. Yaliyofuata yanastahili jina jingine.

Wazee wa mke wangu walikuja kutoka kijijini kwao, Korbesa. Aliyewaongoza alikuwa baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yao, aliyewalea Jillo na mke wangu kama watoto wake. Tulisalimiana salaam aleikum, chai ikaletwa, wakaketi. Jillo alikaa kwenye mkeka karibu na mlango, mkono umefungwa bendeji. Baba mkubwa akanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndimi niliyejua mashine, akaniuliza ilikuwaje.

Nikaeleza kwa mpangilio. Jinsi ncha inavyogusa, jinsi pawa inavyoruka. Kisha nikasema, "Pawa inashikwa kwa mikono miwili. Yeye aliishika kwa mmoja."

Soma tena maneno hayo. Hakuna hata moja la uongo. Niliyachagua kama nilivyoichagua ile pawa, kwa uangalifu, nikiangalia lipi jepesi kwangu kulibeba.

Baba mkubwa alimgeukia Jillo. Akasema, "Kijana, mwenye kujua alikwambia mikono miwili. Huo mmoja ulitoa wapi?"

Jillo aliniangalia. Sikumwangalia. Akasema, "Nilikosea, baba."

Angenipinga mbele ya wazee, angekuwa amemwaibisha dada yake ndani ya nyumba ya mumewe. Nilijua hatafanya hivyo. Nilijua kabla sijafungua mdomo. Niliitegemea heshima yake, nikaikanyaga nipite.

Habari zilitoka mle ndani zikaenea. Kati ya wakataji jina lake likawa methali: fulani ni Jillo, maana yake fulani hasikii. Walisema nilimwonya. Walisema hata shemeji yake mwenyewe, mtaalamu, alimchoka. Sikusema nilimwonya. Sikusema sikumwonya pia. Jillo akarudi Korbesa.

Baadaye baba mkubwa alifariki. Mke wangu alikwenda matanga, mimi nikajitia kuwa na kazi. Aliporudi aliniambia mambo mawili. La kwanza, ile posa ya Jillo iliyokuwa imeanza kuzungumzwa ilikuwa imekataliwa. Upande wa msichana walisema mkono ni mapenzi ya Mungu, lakini binti yao hawampi mtu asiyesikia la mkubwa. La pili, baba mkubwa hata akiwa kitandani alikuwa bado akimsihi Jillo ajifunze kusikia watu.

Halafu akasema, "Siku ile nilikuwa nafua hapo uani. Nilikuona ukimtoa mkono."

Alikuwa amelibeba hilo muda wote, jikoni, kitandani, mbele ya wazee. Hajalirudia tena. Afadhali angepiga kelele!

Nilikwenda Korbesa. Nilimkuta Jillo kwenye kisima cha kina kifupi, akinywesha mbuzi. Jamani, sikuwahi kufikiri juu ya kisima. Kuteka maji kunataka mikono miwili, mmoja uvute na mwingine upokee kamba. Yeye alikuwa akivuta kwa mkono wa kulia, anaikanyaga kamba kwa mguu ili ndoo isirudi, anainama, anavuta tena. Mbuzi walikuwa wamejipanga wakilia, na maji yakija kidogo kidogo.

Nilishika kamba nikavuta. Akaniachia. Nikamwambia kilichonileta, kwamba nataka kusema ukweli mbele ya wazee.

Hakukasirika. Alimwagia mbuzi maji, kisha akasema, "Baba aliuliza huo mmoja nilitoa wapi. Ukimya wako ulimjibu kabla yangu." Akanipa ndoo niiteremshe tena. "Sasa hawezi kuuliza tena."

Wazee waliobaki walikusanyika, nikasema yote: duka, uani, mkono, fimbo. Walisikiliza mpaka mwisho. Mmoja akasema wamesikia. Hakuna aliyeninyooshea kidole, na hakuna aliyeniambia yameisha. Msichana yule alikuwa amekwisha kuolewa kwingine. Aliyestahili kusikia kuliko wote alikuwa kaburini, amekufa akidhani kijana aliyemlea ni mkaidi.

Kama unadhani nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi, hapana.

Ninaandika haya kwa sababu ya nilichokiona niliporudi. Nje ya mji, katika mashamba yale yale, nilimkuta mkataji akiwa peke yake, fimbo mkono wa kushoto, pawa ndogo mkono wa kulia. Aliponiona aliniita mwalimu. Ni mmoja wa walionunua kwa ushauri wangu. Nilimwambia azime, atafute mvutaji, au airudishe pawa ile anunue nyingine. Akacheka. Akaniambia, "Wasiwasi ya nini? Kwani mimi ni Jillo?"

Basi nakuomba wewe unayetaka pawa nyepesi kwa kazi ya kila siku. Wepesi si dhambi, na bega lako lina haki ya kupumzika. Lakini chagua yenye mpini nyuma na kishikio mbele, ili mikono yote miwili iwe na pa kukaa. Iinue ikiwa na mafuta na mnyororo wake, si ikiwa tupu kama nilivyofanya mimi na mizani ya nyama. Hakikisha ina breki ya mnyororo na kwamba inafanya kazi. Ile ya mpini juu waachie wanaopanda miti na waliofundishwa. Na mvutaji wako usimwache, hata pawa ikiwa nyepesi kama kijiko.

Na wewe unayeaminiwa, ambaye watu hukuuliza kabla ya kununua, jihadhari na nafsi yako. Siku utakapoulizwa ilikuwaje, utatamani kusema kweli nusu. Ile nusu utakayoiacha itamwangukia mtu asiye na mdomo wa kukujibu.

Ukimsikia mkataji yeyote hapa Isiolo akisema, "Kwani mimi ni Jillo?", mwambie maneno haya kutoka kwangu. Jillo alikuwa mtu wa kusikia. Alinisikia mimi, akafanya sawasawa na nilivyomwambia.