Mashine ya Baridi ya Tata

Baba yangu, ambaye sisi Wagusii humwita Tata, alikuwa dobi wa usiku katika hoteli moja ya Mombasa tangu kabla sijazaliwa. Alipopunguzwa kazi, katikati ya miaka ya tisini, walimpa kama zawadi mashine kuukuu ya kupoza hewa, ile ya magurudumu. Aliileta nyumbani Keroka, milimani, juu ya basi, imefungwa blanketi. Majirani walicheka mpaka wakachoka. Kwetu baridi ni ya bure, nani huisafirisha?

Mimi sikucheka. Tata alikuwa amezoea kulala mchana, na chumba chetu nyuma ya duka la Mama kilikuwa cha mabati, bila dari. Ikifika saa sita kinachoma. Aligeuka-geuka kitandani, akaamka macho mekundu, akauliza mabasi ya Mombasa siku hizi yanaondoka saa ngapi. Nilikuwa kidato cha tatu, na maisha yangu yote nilikuwa nimekaa naye Krismasi tu, tena si zote. Nilimtaka. Niliamini mashine ikipoza, atabaki.

Lakini mashine ilinguruma tu, na chumba kikazidi kuwa moto. Fundi wa redio wa ng'ambo ya barabara aliitazama akiwa amesimama mlangoni, mikono mfukoni, akasema gesi imeisha. Hata kuigusa hakuigusa! Nikakasirika, nikaamua kuishughulikia mwenyewe. Nilichomoa chujio lake, lilikuwa limejaa nyuzi za mashuka ya hoteli, nikaliosha na kulikausha. Nikamwaga maji yaliyotuama chini. Nikachomoa pasi ili mashine ipate umeme peke yake. Wapi!

Siku ya tatu niliweka mkono kwenye mdomo wa mashine. Hewa iliyotoka ilikuwa baridi kabisa. Basi mashine ilikuwa nzima. Kwa nyuma ilikuwa na bomba nene la kutolea hewa moto, nami nililifuata hadi upande wa pili wa pazia lililogawa chumba, lilikopaswa kutokea dirishani. Dirisha lilikuwa limefungwa. Mama alikuwa amechuchumaa, bomba kalielekeza kwenye ungo wa wimbi.

“Mama, unafanya nini?”

“Nakausha. Nje ni vumbi la malori, na mvua ya saa nane haikosi,” alinong'ona. “Baba yako, omogaka wangu, hajala ugali wa wimbi wa nyumbani miaka mingapi? Nataka nisage kesho.”

“Lakini hilo joto linamrudia yeye!”

“Sasa wewe, joto lote hili nikalimwage barabarani?” Mama alizaliwa Nyansiongo, kwenye baridi ya kung'ata mifupa. Huko mtu hufunga mlango ili moto wa jikoni usitoroke.

Nilimweleza kwa ujeuri wa mtoto aliyesoma fizikia. Alinisikiliza, akatazama pazia, kisha akauondoa ungo wake na kulitoa bomba nje kwa mikono yake mwenyewe. Mimi nikaziba nafasi za dirisha kwa matambara.

Tata alilala hadi jioni. Alipoamka alikaa kitandani akijipapasa mikono, akitabasamu. “Hii sasa ndiyo baridi ya kule,” akasema, kwa Kiswahili chake cha pwani ambacho nyumbani kilitufanya tujione wageni. Halafu akaanza kusimulia: wenzake wa zamu, chumba chenye mashine kama hii walicholala mchana, mzaha wao. Sikuwa nimewahi kumsikia akiongea hivyo. Tulikula ugali wa wimbi la ungo uliotangulia kukauka, naye akawa bado anasimulia.

Kabla shule hazijafunguliwa alikuwa ameondoka. Alisema rafiki yake amempatia kibarua. Krismasi hiyo hakuja.

Nimemtamani baba yangu katika kila umri niliopitia, na kwa muda mrefu nilijilaumu. Nilipokwisha kuwa na watoto wangu ndipo nikathubutu kumwambia Mama kwamba mimi ndiye niliyemrudisha Mombasa.

“Nilijua,” akasema. “Aliposema baridi ya kule, nilijua ameshaenda.”

“Mbona hukulirudisha bomba ndani kesho yake?”

Alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kijinga.

“Alikuwa amelala vizuri,” akasema.