Wageni wa Heshima na Mto Sebeya

Maji ya Mto Sebeya yalipoanza kupanda, kiongozi wetu aliitisha mkutano wa dharura palepale sokoni Mahoko: tuhame au tubaki? Kama ilivyo desturi, akaanza kutambulisha wageni. Kila mmoja alisimama, akapunga mkono, akapigiwa makofi.

Mama muuza vitunguu alipandisha kitenge hadi magotini. "Shefu, pardon, maji iko inakuja."

"Mama, vumilia. Mugeni wa heshima bado."

Mama akajitwika gunia, akaondoka. Tukamfuata, wageni wa heshima wakitupita mbio.

Tukiwa juu kilimani tukamsikia kiongozi kwenye kipaza sauti, maji yakimfika vifundoni: "Bon! Nimeamua muhame!"

Tulimpigia makofi sana. Nani alisema sisi ni wabishi? Amri tuliitii kabla haijatolewa.