Ruta ya Pili na Dari ya Mama Mkwe

Wacha niseme mara moja ili roho itulie: mimi, Marwa, mtu mzima mwenye watoto wawili na biashara yenye leseni ya kaunti ukutani, niliwahi kuingia chumba cha kulala cha mama mkwe wangu kupitia dari, Jumapili mchana, mbele ya wamama saba wa jumuiya ya kanisa, suruali ikiwa imepasuka kuanzia gotini hadi mahali nisipopataja. Wanaonijua hapa Migori wameshacheka mpaka wakachoka, kwa hiyo nawe cheka tu, nitakungoja.

Kama hujakaa pande zetu, labda unaona hiyo ni ajali kama ajali nyingine. Sivyo. Mimi ni Mkuria wa Isebania, mke wangu Atieno ni Mjaluo wa Homa Bay, na watu wetu wanaweza kubishana kuhusu ng'ombe, samaki, siasa na nani alianza, lakini kuhusu mama mkwe wanakubaliana bila mkutano: mkwe wa kiume hakanyagi chumba anacholala mama mkwe wake, wala kitanda chake hakioni, hata macho hayapitishi mlangoni. Kwa miaka tisa ya ndoa nilikuwa nikifika kwao nakaa kiti kilicho karibu na mlango wa nje, na nikitaka choo nazunguka nyumba nzima ili nisipite kwenye korido ya vyumba (hata mvua ikinyesha, na Homa Bay mvua ikiamua kunyesha inanyesha). Nilikuwa mkwe wa kusifiwa. Wakwe wengine walikuwa wakiambiwa wajifunze kwangu.

Sasa, mwaka huo Mama alivunjika nyonga. Aliteleza jikoni akiwa na sufuria ya dagaa wa omena mkononi, wiki mbili tu kabla ya safari yake ya kwenda Uingereza kwa kitinda mimba wake, Achieng, ambaye ni nesi huko, na ambaye baada ya miaka minane ya kungoja na mimba mbili kuharibika alikuwa hatimaye amepata mtoto wa kike. Pasipoti ilikuwa tayari, tikiti tayari. Badala ya ndege Mama akawekewa chuma kwenye mfupa, na daktari akaamuru asitoke kitandani kwa wiki sita, hata kwa kubebwa. Ubatizo ukapangwa Jumapili, saa tisa mchana kwa saa zetu, na Achieng akamwomba padri wa huko amruhusu nyanya amwombee mtoto kwa simu ya video, padri akakubali. Mama akaandika sala yake kwenye daftari, akaifuta, akaiandika upya. Atieno aliniambia kwamba mamake alikuwa akilia usiku na kwamba si kwa sababu ya nyonga, ni kwa sababu mikono yake ilikuwa haijamshika mtoto huyo.

Shida ilikuwa moja. WiFi ilikuwa sebuleni, na nyumba yenyewe ni ya mawe, ya zamani, kuta nene, chumba cha Mama kikiwa mwisho kabisa nyuma ya stoo. Huko WiFi haikufika, na mtandao wa simu ulishika tu ukisimama getini. Fundi wa kampuni ndogo iliyowawekea alisema atakuja Jumatatu. Jumatatu, kama mnavyojua, huja baada ya Jumapili.

"Lakini Marwa si ni mtu wa kompyuta?" baba mkwe akauliza kwenye simu.

Hapo ndipo ningesema ukweli na leo nisingekuwa na mkasa wa kusimulia. Ukweli ni kwamba nina saiba. Nachapa barua za kazi, napiga kopi vitambulisho, nawasaidia walimu kujaza fomu za ushuru. Mtandao wa hiyo saiba uliwekwa na fundi wa Awendo, na ukigoma ujuzi wangu wote ni kuzima na kuwasha. Lakini baba mkwe akikuuliza kama unaweza, mdomo hujibu wenyewe. Nikakohoa kidogo, nikasema, "Mzee, hiyo ni kazi ya dakika kumi."

Jumamosi nikatazama video tatu kwenye simu, nikachukua ruta ya zamani iliyokuwa ikikusanya vumbi saiba, nikanunua waya wa mita thelathini. Mtu wa kwenye video alieleza vizuri, tena kwa upole, kwamba ruta ya pili inaweza kuifikisha WiFi mahali isipofika, ila lazima kwanza uingie ndani ya mipangilio yake uizuie kugawa anwani, kwa sababu kila simu hupewa namba yake na ruta, na mgawaji anatakiwa awe mmoja tu. Nikajaribu kuingia, neno la siri nikawa nimelisahau. Basi nikachukua kijiti cha meno nikabonyeza kile kitundu cha nyuma, ruta ikasahau kila kitu ikawa kama imetoka dukani. Hayo mengine, nikasema, tutayaona huko huko.

Jumapili asubuhi tukafika. Waya usingeweza kupita nje kwa sababu mbuzi wa pale walishakula waya wa televisheni, kwa hiyo ilibaki dari. Mzee akafikiri sana kwenye kiti chake, kisha akatoa hukumu: "Dari si chumba. Wewe pita juu, macho yako yabaki juu. Atieno atakuwa ndani apokee waya."

Mama Consolata, mwenyekiti wa jumuiya, alikuwa ameshafika na wenzake kumsindikiza Mama kwenye sala. Akasema hajawahi kusikia mkwe anatembea juu ya kichwa cha maro wake (maro ndiyo mama mkwe).

"Kwa hivyo mtoto abatizwe nyanya yake akiwa kimya?" Mzee akamuuliza. Nami nikapanda.

Na niwaambie, mara ya kwanza nilipanda kama paka. Nikapitisha waya, nikatoboa tundu dogo nikiwa nimefumba macho (nusura nijitoboe kidole), Atieno akauchomeka kwenye ruta kule chumbani, na simu zikaonyesha mistari yote ya WiFi. Vigelegele! Nikashuka, nikaoga, nikavaa suruali ya Jumapili, nikapewa kipande cha samaki wa mbuta kilichofunika ugali wote, na Mzee akamwambia jirani aliyepita, "Huyu ndiye ora wangu, wa kompyuta." Ora ni mkwe. Nikavimba kichwa mpaka kola ikabana.

Saa nane na nusu kila kitu kikafa. Simu zinasema zimeunganishwa, lakini hakuna kinachofunguka. Nikakimbia sebuleni, nako kumekufa, kwa maana kwamba nilikuwa nimekuja kuongeza WiFi chumba kimoja na sasa nimeiondoa nyumba nzima. Atieno akaenda getini kumpigia dadake, akarudi anahema.

"Baba Boke," akaniita kwa jina la mtoto wetu, "wanaingia kanisani. Fanya kitu."

Mtu mwenye akili angekaa chini afikiri. Mimi nikaamua kwamba waya umekunjika. Nikavua viatu, nikapanda darini kwa soksi na suruali ya Jumapili, jasho likitiririka mpaka miwani ikateleza ikaangukia gizani. Dari za nyumba zile unakanyaga mbao, hukanyagi bodi, kila mtu anajua, hata mimi nilijua. Chini yangu wamama walikuwa wakiimba taratibu kumtuliza Mama. Nikanyoosha mkono kuushika waya, soksi ikateleza kwenye ubao, na mguu wangu wa kulia ukaenda zake.

Wimbo ukakatika katikati ya ubeti. Nikiwa juu, sioni kitu, nikamsikia Mama Consolata akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huu ni mguu."

Ningetulia hapo ningeaibika nusu. Lakini nikaanza kujinasua, nikajisukuma, nikajipinda, na bodi ikaona ni heri iniachilie mzima mzima. Nikaanguka sakafuni, kando ya kitanda upande wa miguu, juu ya rundo la mikoba na sweta za wamama (Mungu ni mwema, kitanda chenyewe sikukigusa), vumbi la miaka yote likanifuata. "Uwi! Yawa!" Wamama wakatoka mbio, kila mmoja akitaka mlango uwe wake. Mimi nikafunika macho kwa mikono miwili, nikatambaa kwa magoti kuelekea nilikodhani kuna mlango, nikaingia, nikashukuru nimefika korido, mpaka nikahisi harufu ya sabuni na nguo zinanigusa uso.

"Marwa!" Mzee akaita kutoka nje. "Uko wapi?"

"Mzee, niko kabatini."

Nikawaza nikae humo humo mpaka nife, watoto waambiwe baba yao alihamia Tanzania. Ndipo Mama akaongea.

"Marwa. Toka kwa kabati. Fungua macho."

"Mama, nisamehe. Siwezi kufungua. Mila..."

"Mila naijua kuliko wewe. Kesho wazee watasema, mbuzi italetwa, tutaambiwa maneno yetu na tutanyamaza. Leo nataka kuona mtoto wa Achieng. Yeye hana makosa. Fungua macho, nyathina."

Nyathina ni mtoto wangu. Mamangu alifariki nikiwa darasa la sita, na sikumbuki tangu siku hiyo kama kuna mtu aliyeniita hivyo kwa lugha yoyote. Nikafungua macho.

Alikuwa ameegemea mito, nywele zimejaa vumbi la dari yangu, daftari kifuani. Hakunitazama. Alivuta leso kando yake akanirushia nijifunge, kisha akauliza kama anayeuliza darasa (alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kabla ya kustaafu), "Kabla ulete hii yako, ile ya sebuleni ilikuwa inafanya?"

"Ilikuwa inafanya, Mama."

"Na sasa?"

"Imekufa."

"Basi si waya. Shule moja haiwezi kuwa na walimu wakuu wawili. Nani amemwambia huyu wako kwamba si yeye mkubwa?"

Hakuna. Hakuna aliyemwambia! Nikamkumbuka yule mtu wa kwenye video na upole wake. Ruta zote mbili zilikuwa zikigawa anwani, na zote mbili zikijiita namba moja, simu hazijui zimsikilize nani. Nikachomoa waya, nikaunganisha simu na ruta yangu peke yake, mipangilio yake ikataka neno la siri lililoandikwa nyuma yake kwa herufi za ukubwa wa mayai ya chawa, na miwani yangu iko darini. Mama akavaa ya kwake. Nikampa ruta kwa mikono miwili, nimeinamisha kichwa.

"M kubwa," akasoma. "Saba. Saba ingine. k ndogo. Umeandika?"

"Nimeandika, Mama."

"Usiharakishe. Tatu. Hapana, hii ni nane."

Mlangoni Atieno alikuwa akitaja dakika kama mtangazaji wa mpira, na nyuma yake Mzee amesimama koridoni ameuelekea ukuta kwa heshima, asione mkwe wake akiwa mahali mkwe hawi. Nikaingia ndani ya ruta, nikazima ule ugawaji, nikaipa namba nyingine isigongane na ya sebuleni, nikauchomeka waya tena, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikaomba kwa dhati.

Saa tisa na dakika mbili Achieng akatokea. Nyuma yake kanisa, padri, mume wake, na mikononi kitu kidogo cheupe chenye uso. Mama hakufungua daftari. Akaanza kusali kwa Dholuo, sauti ikitetemeka kisha ikasimama imara, na akaweka kiganja chake juu ya kioo cha simu, pale kichwa cha mtoto kilipokuwa. Mimi nikiwa sakafuni nimeishika simu nikawa nasali sala yangu nyingine, asiguse kitufe chekundu.

"Mama, toa mkono kidogo umwone," Achieng akasema, analia na kucheka.

Mama hakuutoa mpaka alipomaliza. Wamama walikuwa wamerudi mlangoni, wakaitikia amina, na Mzee akaitikia kwenye ukuta. Mimi nililia waziwazi, machozi yakichora mistari kwenye vumbi la uso, wala sikujali nani ananiona. Simu ilipokatwa Mama akajipangusa, akasema, "Sasa toka," nami nikatoka nikitazama vidole vya miguu yangu.

Tangu siku hiyo nimeapa. Mtu akiniuliza kama naweza, nasema siwezi hata kabla hajamaliza swali, na kazi ya fundi namwachia fundi, aje Jumatatu au aje mwakani. Dari ya mtu sipandi tena, hata ya nyumba yangu mwenyewe.

Mbuzi wa kosa langu nilimpeleka baada ya Mama kuweza kukaa kwenye kiti. Wazee waliongea sana, nikakiri kila kitu hadi kabati. Mama aliketi mbali amenipa mgongo, maana siku hiyo hakutakiwa kusema nami. Nyama ilipoletwa akasema, bila kugeuka, kama anayeambia hewa, "Mtoto ameota jino. La chini. Nimeliona leo asubuhi kwa simu, nikiwa kitandani."

Nikaiangalia sahani yangu, nikaiambia kwamba nimefurahi sana.